Kishindo Kisichosomeka

Debe tupu haliachi kuvuma, walinena wahenga, na kila mtu akaafiki. Hawakulitaja, hata hivyo, lile debe lililojaa pomoni, ambalo huvuma likasikika ng'ambo ya bahari, na bado aliyelisikia asiambulie hata tone la kilichomo. Hali hiyo ipo, na wanaoijua kuliko wengine ni watu wa redio ya ridhaa: wale wanaopewa leseni na serikali zao kuzungumza wao kwa wao kwa mawimbi, bila ya malipo wala biashara, kila mmoja kwa jina lake la mwito lililotungwa kwa herufi na tarakimu. Majina ya Tanzania, kwa mfano, huanza kwa 5H.

Na achukuliwe mmoja wao, jioni, jua limekwishatua, amekaa mbele ya redio yake iliyounganishwa kwa waya na kompyuta. Ameitega kwenye masafa ya megahezi 14.074, mahali ambapo watu wa dunia nzima hukutana. Anachokisikia si maneno. Ni filimbi nyembamba, nyingi kwa pamoja, zinazoanza kwa wakati mmoja na kukoma kwa wakati mmoja kila robo ya dakika. Kompyuta huzichora filimbi hizo kwa mistari inayoteremka kiooni mithili ya maji ya mporomoko: dhaifu huonekana kama uzi, zenye nguvu huonekana kama kamba. Kisha programu huzing'amua, na pembeni yakajitokeza maandishi: nani anamwita nani, na yuko wapi.

Sasa ndipo linapotokea la ajabu. Nyuzi zile nyembamba, nyingine hata jicho haliwezi kuziona, zinasomwa moja baada ya moja. Lakini ile kamba nene ing'aayo katikati ya kioo, ambayo ingetosha kusikika hata na mtu aliyesimama mlangoni, programu inaipita kama haipo. Robo ya dakika inakwisha, inakuja nyingine, kamba inarejea pale pale, na pembeni hakuna neno. Ikiwa uzi umepimwa desibeli 20 chini ya mvumo wa redio na kamba ikawa desibeli 15 juu yake, basi kilichosomwa ni kidogo kuliko kisichosomwa kwa zaidi ya mara 3,000. Mnong'ono umeeleweka, ukelele haukueleweka.

Mtu huyo hufanya nini? Kwa kawaida hufanya lile ambalo binadamu hulifanya kila mahali asipofahamu. Kwanza huongeza sauti. Likishindikana hilo, humlaumu anayesema. Naye wa upande wa pili, akiona haitikiwi, huongeza nguvu za mtambo wake, na kamba ikazidi unene bila ya kuzidi maana. Wote wawili wameamini jambo moja: kwamba kusikika na kueleweka ni kitu kimoja. Ufundi wa mawasiliano haya unaonyesha kuwa sivyo.

Mtindo huo wa mawasiliano unaitwa FT8, na ulitolewa mwaka 2017. Herufi zake mbili ni za majina ya waliousanifu, Steven Franke na Joseph Taylor, na tarakimu ni ya sauti nane zinazotumika. Taylor si mtu wa redio tu. Ni mwanafizikia wa Marekani ambaye mwaka 1974, pamoja na Russell Hulse aliyekuwa mwanafunzi wake, aligundua kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, nyota ya mapigo iliyofungamana na mwenziwe. Nyota hiyo hupiga pigo moja katika muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde, na wawili hao huzungukana kwa muda wa chini kidogo ya saa nane. Kwa kuyahesabu mapigo hayo mwaka hadi mwaka, ilidhihirika kuwa mzunguko wao unapungua kama nadharia ya Einstein ilivyobashiri, na mwaka 1993 wakapewa Tuzo ya Nobel. Maisha ya kazi ya Taylor, basi, yalikuwa ni ya kutegea sauti hafifu kwa saa isiyokosea. Alipowatungia watu wa redio programu zake, ya kwanza mwaka 2001, aliwatia katika nidhamu ile ile.

Mpenzi wa ushairi hatapata tabu kuuelewa mtindo huu, kwa kuwa una bahari yake, na sheria zake ni kali kuliko za utenzi. Ujumbe mzima ni biti 77, hazizidi wala hazipungui. Zinatosha majina mawili ya mwito na mahali alipo msemaji. Anayetaka kuandika maneno yake mwenyewe hupewa nafasi 13 tu, pamoja na zile tupu. Juu ya 77 huongezwa biti 14 za uhakiki, kisha 83 za kusahihishia makosa, jumla ikawa 174. Hizo hugawanywa tatu tatu zikawa sauti 58. Nazo hutiwa kati ya mafungu matatu ya sauti saba saba, mwanzoni, katikati na mwishoni, yanayojirudia bila ya kubadilika mfano wa kibwagizo, ili msikilizaji ajue shairi limeanzia wapi na limesimama katika masafa gani. Jumla ni sauti 79, na kuziimba zote huchukua sekunde 12.64.

Zile biti 83 zinafanya kazi ambayo kina na mizani vimeifanya siku zote. Katika miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, mwandiko mara nyingi haukutenganisha *e* na *i*, wala *o* na *u*, na mchwa nao walikuwa na sehemu yao. Msomaji aliyekuta neno limeliwa hakukata tamaa. Alitazama kina kinadai silabi gani, akahesabu mizani zilizobaki, na mara nyingi neno likarudi. Alilolihifadhi mtunzi kwa ajili ya utamu likawa ndilo lililoiokoa maana. Hesabu za kusahihisha makosa kwa njia ya namna hiyo, zinazotumika katika FT8, zilibuniwa na Robert Gallager huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zikakaa miaka ipatayo thelathini bila ya kushughulikiwa, kwa sababu kompyuta za wakati huo hazikuziweza. Leo ndizo zinazouinua uzi ule mwembamba kutoka ndani ya mvumo.

Biti 14 za uhakiki nazo zina adabu yake. Programu ikimaliza kusahihisha hujiuliza: je, hiki nilichokipata ni chenyewe? Ikiwa uhakiki haukukubali, haiandiki kitu. Haikisii. Kwa hiyo ukimya unaomkasirisha mtu wetu wa jioni haumaanishi kuwa programu haikuiona kamba. Imeiona, imejaribu, na imekataa kusema uongo. Kila mfasiri aliyewahi kuiacha nafasi tupu ukurasani badala ya kuijaza neno linalofanana tu na alilolitafuta anaijua gharama ya ukimya huo, na anajua kwa nini hulipwa.

Basi kama nguvu zipo na usahihishaji upo, kimevunjika nini? Kwa hakika vinavyovunjika ni vichache, na cha kwanza ni wakati.

Kila robo ya dakika ni ubeti. Programu hufungua sikio ubeti unapoanza, na hukitafuta kibwagizo karibu na mahali kinapotarajiwa. Maelekezo ya watungaji yanataka saa ya kompyuta isitofautiane na saa ya dunia hata kwa sekunde moja. Ikizidi kiasi cha sekunde mbili hivi, nguvu zote za mtambo haziwi na faida tena, kwa kuwa msikilizaji anafungua mlango mgeni akiwa amekwishapita. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Hapa pana kichekesho kinachowahusu hasa wasomaji wa mwambao. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na hivyo hutofautiana na ya Wazungu kwa saa sita kamili. Mtu akiitegea kompyuta yake saa ya Kiswahili, daftari la programu litaandika nyakati zisizo sahihi, lakini mawasiliano yenyewe yatang'amuliwa bila ya taabu, kwani saa sita ni robo za dakika kamili zisizo na mabaki. Programu haiulizi ni asubuhi au ni usiku. Inauliza tu robo ya dakika imeanza lini. Aliyekosea kwa saa sita anasikia. Aliyekosea kwa sekunde nne amekuwa kiziwi.

Na namna ya kulijua kosa hilo ni lenye kuzingatiwa kuliko yote. Kila ujumbe unaosomwa huandikiwa pembeni umewahi au umechelewa kwa sekunde ngapi. Ikiwa mmoja tu amechelewa kwa sekunde moja na nusu na wengine wote wako sawa, saa yake ndiyo mbovu. Lakini ikiwa kila mmoja, wa Japani na wa Brazili na wa Uingereza, anaonekana amechelewa kwa sekunde moja na nusu ile ile, basi hakuna aliyechelewa miongoni mwao. Aliyetangulia ni anayewapima. Ni jambo jepesi kulisema, na zito kulikubali usiku wa manane mtu akiwa peke yake na amekwishawalaumu watu wa mabara matatu. Dawa yake ni kuisahihisha saa kwa intaneti, au kwa setilaiti za kuongozea safari pale intaneti isipofika.

Kinachofuata wakati ni wingi. Sauti itokayo redioni huingia kompyuta kwa waya, na njia hiyo ina kimo chake. Ikimiminiwa kupita kiasi, vilele vya wimbi hukatwa, na wimbi lililokatwa kichwa huzaa mizimu. Filimbi ya hezi 700 hujitokeza tena kwenye 1,400, na pengine kwenye 2,100. Mizimu hiyo huonekana kiooni wazi kabisa, minene, yenye kuvutia jicho, na kamwe haisomeki. Sababu yake ni ya kupendeza: katika FT8 sauti moja hupishana na nyingine kwa hezi 6.25, lakini mzimu wa maradufu umezidisha kila kitu kwa mbili, na sauti zake zinapishana kwa hezi 12.5. Si ujumbe tena. Ni kivuli cha ujumbe kilichorefushwa na jua la jioni. Mtu anaweza kukikodolea macho usiku kucha.

Hapa nako kipimo ni kile kile. Ikiwa kituo kimoja tu kina mizimu, mwenyewe ameuzidishia mtambo wake sauti, na anawachafulia njia majirani zake bila ya kujua. Ikiwa kila kituo chenye nguvu kinafuatana na mizimu, basi kinachofurika ni sikio la msikilizaji. Naye, badala ya kuongeza, apunguze: ashushe kiasi cha sauti kinachoingia kompyuta, na mawimbi yakiwa makali mno apunguze hata yale yanayoingia redioni kutoka kwenye eriali. Inakuwa ajabu kwa mara ya kwanza, kuona neno likijitokeza baada ya sauti kushushwa.

Wapo pia wasaidizi waharibifu. Redio za siku hizi zina vifungo vya kusafishia sauti, na vilitengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Kimojawapo huwinda filimbi yoyote inayodumu katikati ya mazungumzo na kuifuta, kwa kuwa kwa mwenye kuzungumza filimbi ni kero. Lakini hapa filimbi ndiyo mazungumzo. Kadiri ilivyo na nguvu ndivyo kifungo kinavyoiona upesi na kuikatakata. Mwenye redio amekibonyeza ili asikie vizuri zaidi, akasahau, na sasa msaidizi wake anamfutia wageni mlangoni.

Kisha kuna mwelekeo. Mawimbi ya namna hii hubebwa upande mmoja wa masafa, wa juu au wa chini. Wanaozungumza kwa mdomo wamezoea kutumia upande wa chini katika masafa yaliyo chini ya megahezi 10, na wa juu katika yaliyo juu yake. FT8 hutumia wa juu kila mahali. Kwa anayesahau kubadilisha, anachokipokea huwa kimepinduliwa: sauti iliyopanda inashuka, na iliyoshuka inapanda. Ni kama kuisoma barua ya hati za Kiarabu kuanzia kushoto. Wino upo na herufi zipo, ila kibwagizo kimekaa kinyume na hakitambuliki.

Na pengine bahari yenyewe ni nyingine. Mwezi Desemba 2018 watungaji wa FT8 walitoa toleo jipya la programu yao, na ujumbe ukaongezwa kutoka biti 75 hadi 77. Biti mbili tu. Lakini toleo la zamani na jipya hayakuelewana. Waliochelewa kubadilisha waliendelea kuita katika masafa yale yale, kwa filimbi zile zile, katika robo za dakika zile zile. Kwa sikio hapakuwa na tofauti yoyote. Aliyeita kwa lahaja ya jana alisikika barabara, na hakuna aliyemwitikia.

Yote haya yako mikononi mwa watu. Lipo moja ambalo haliko. Mawimbi husafiri mbali kwa kurudishwa na tabaka za juu za anga, na mbingu za sehemu za ikweta zina tabia yake baada ya jua kutua. Pande zote mbili za ikweta ya sumaku ya dunia, tabaka hizo huchafuka magharibi zikafanya mapovu, na mawimbi yanayopita humo hutetemeka kama taa ya karabai kwenye upepo. Katika masafa ya megahezi 50, wakati huo huo wa jioni, sauti za kutoka kusini mwa Afrika huweza kuruka hadi nchi za Bahari ya Kati, na zikafika kwa nguvu za kushangaza. Lakini kila filimbi imetanuka ikawa mkwaruzo, na pale ambapo sauti moja ilikuwa itengane na jirani yake kwa hezi 6.25, mipaka imefutika. Saa ni sawa, kiasi ni sawa, upande ni sawa, na bado hakisomeki kitu. Kwa hali kama hiyo Taylor na wenzake walitoa mwaka 2021 mtindo mwingine, Q65, ambao una aina zilizotenganisha sauti zake kwa upana zaidi, ili mtetemo usizichanganye. Hawakuishauri dunia ipige kelele zaidi. Waliyatawanya maneno ili kila moja lipate nafasi ya kutikisika bila ya kumwangukia mwenziwe.

Kwa hiyo fundi mzoefu, aionapo kamba nene isiyosomeka, hana haraka ya kugusa kitu. Hutazama kwanza kama ni mmoja tu au ni wote. Ikiwa ni wote, huanza na vya kwake: saa, kiasi cha sauti, vifungo, upande, toleo la programu. Ikiwa ni mmoja, humpa nafasi, kwani pengine watu wawili wameanguka mahali pamoja na kufunikana, na robo ya dakika ijayo mmoja wao atahama. Ikiwa ni mbingu, husubiri. Kuongeza nguvu huja mwisho wa orodha, na mara nyingi orodha huwa imekwisha kazi kabla ya kulifikia.

Yabaki mambo ya mtu wetu wa jioni. Amekwisha kunywa kahawa yake ya pili, na amekwisha kuapa mara tatu kwamba yule mwenye kamba ana mtambo mbovu. Kisha, kwa kuwa hana la kufanya, anatupa jicho pembeni mwa maandishi na kuona kwamba kila aliyesomwa tangu magharibi amechelewa kwa kiasi kile kile, karibu na mwisho wa subira ya programu. Na mwenye kamba, ambaye saa yake inachelewa kidogo tu kweli, ametumbukia nje ya mpaka huo. Anaisahihisha saa. Robo ya dakika inaanza, inakwisha, na maandishi yanajitokeza: mwito wa kumwita yeyote anayesikia, jina linaloanza kwa 5H, na baada yake KI93. Huo ni mraba mmoja katika ramani ambayo watu wa redio wameigawa dunia, na Mji Mkongwe wa Unguja umo ndani yake. Chake Chake imo katika unaofuata kaskazini, KI94.

Kishindo chote kile kilikuwa kimebeba hayo tu: kuna mtu kisiwani, jina lake ni hili, anauliza kama yuko anayemsikia. Alikuwa amekwishauliza kwa muda wa saa nzima.